Chagua kichaka chako kwa macho ya Oktoba

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwaka jana tulihamia nyumba yetu mpya Ipuli, hapa Tabora. Uwanja wa mbele ni mchanga mtupu, upepo ukipita vumbi lote linaingia sebuleni. Mwezi wa saba nilinunua Dar es Salaam miche kumi na minne ya krotoni, yenye majani mekundu na ya njano, nikaja nayo kwenye basi. Sita niliipanda juani mbele ya kibaraza, nane chini ya mwembe. Ile ya juani imepukutisha majani yote, zimebaki fimbo. Ya chini ya mwembe ina majani lakini rangi zimepotea, imekuwa kijani tu. Namwagilia kidogo kidogo kila jioni. Jirani ananiambia Tabora maua hayakai, nipande minyaa nipumzike. Kweli hakuna vichaka vya rangi vinavyobaki na majani mwaka mzima huku kwetu? Tunafuga pia mbuzi wanne.

JIBU: Marahaba mama, na poleni kwa vumbi. Kabla ya yote, usiing'oe hiyo miche. Nenda kwenye zile fimbo sita, kwaruza gome kwa ukucha, sehemu ndogo tu kama punje ya mchele, ukianzia juu kuja chini. Ukikuta ubichi wa kijani chini ya gome, hapo mche ungali hai. Pakiwa pakavu pa kahawia, shuka kidogo ukwaruze tena. Mara nyingi krotoni iliyopukutika hivyo imekufa ncha tu, na shina la chini linangoja. Kata kilichokauka, kilicho hai kiache. Simika vijiti vinne na utandike juu yake kipande cha mkeka mkuukuu, uteremke zaidi upande wa magharibi, mche upate nafuu ya jua la alasiri. Mbolea usiweke hata kijiko kwa sasa. Mzizi ulioumia hauwezi kuitumia, na chumvi yake itauunguza. Subiri mvua.

Sasa nije kwa jirani yako. Anasema alichokiona kwa macho yake, nami simlaumu. Nimefanya kazi ya ubwana shamba mkoani humu kwa miaka mingi, na leo nina kitalu changu, na bustani nyingi za hapa nimeziona zikifa kwa njia ileile moja. Mtu anauona mmea mwezi wa kumi na mbili au wa pili, wakati kila kitu ni kibichi hadi nyasi za kando ya barabara. Anaupenda, anaununua. Au anaukuta Dar es Salaam, ambako unyevu wa bahari uko hewani mwaka mzima. Kwa hali hiyo kila mmea ni mzuri. Tabora inakuja kuupima baadaye, mwezi wa tisa na wa kumi. Mvua zetu huanza mwezi wa kumi na moja na kukoma mwezi wa nne, kisha mmea unakaa nusu mwaka na ushei bila mvua ya maana. Hewa inakauka hadi midomo inapasuka. Halafu linakuja jua la Oktoba. Mji wetu uko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa mwezi huo jua la saa sita linakaa juu ya utosi kabisa, na kuta zinabaki bila kivuli.

Kwa hiyo anayekuja kitaluni kwangu namwambia hivi: kabla hujanunua kichaka chochote, zunguka mtaani kwako mwezi wa kumi utazame nyua za watu. Ukikuta mmea wenye majani na rangi Oktoba, piga hodi, muulize mwenyewe anaumwagilia mara ngapi. Akikuambia mara moja kwa wiki, au pengine hata hakumbuki, huo ndio wako. Barua yako imenifikia mwezi wa tisa ukianza, na wakati wa kufanya matembezi hayo unakaribia.

Na ukitaka kujua mimea inayofaulu inafaulu kwa nini, itazame miembe yetu. Ile mizee iliyofuata njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kupitia Kwihara hadi Ujiji, hakuna mtu anayeimwagilia, na Oktoba iko kijani kibichi ikiwa na matunda yanayokua. Mizizi yake imeshuka kule ambako udongo haukauki. Miombo nayo hufanya jambo ambalo sijawahi kuchoka kulitazama. Mwezi wa tisa, mvua ikiwa bado mbali, mtundu, mmoja wa miti hiyo, unachipua majani mapya ya rangi nyekundu na ya shaba, na msitu unaonekana kama unawaka. Maji hayo hayajatoka mawinguni. Ni akiba iliyobaki chini, na mzizi umeifikia. Wekundu wenyewe hulikinga jani changa na jua kali hadi likomae. Jirani yako akirudia kusema Tabora haina rangi wakati wa kiangazi, mwombe mfuatane barabara ya Sikonge wiki chache zijazo, mtazame pande zote mbili.

Krotoni zako zilinyimwa nafasi hiyo. Asili ya krotoni ni visiwa vya Indonesia, Malaysia na Pasifiki, nchi za mvua na hewa nzito. Zikakuzwa Dar es Salaam, bila shaka chini ya kivuli cha kitalu, kwenye viriba vidogo. Zikatikiswa siku nzima ndani ya basi. Kisha zikapandwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, mbele ya kibaraza ambako sakafu na ukuta vinarudisha joto, na mizizi yenyewe haizidi ngumi. Kupukutisha majani ilikuwa njia yake ya kujiokoa: jani ndilo linalopoteza maji, basi mmea umelitupa ili shina lipone. Krotoni ikihamishwa tu hupukutika, hata mahali pa heri. Usikate tamaa nayo kwa sababu hiyo.

Zile nane za chini ya mwembe zina tatizo la kinyume. Rangi ya jani la krotoni hutengenezwa na mwanga. Penye mwanga mwingi wekundu na unjano hupanda juu. Penye kivuli kizito mmea unahitaji kila chembe ya ukijani ili kujilisha, na rangi nyingine zinafifia. Zaidi ya hapo, chini ya mwembe kila tone unalomwaga unashindana na mizizi ya mti mkubwa kuliko nyumba yako. Mahali pa krotoni hapa Tabora ni upande wa mashariki wa nyumba: jua tangu alfajiri hadi saa tano au saa sita, kisha kivuli cha ukuta mchana kutwa. Zihamishie huko mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imekolea, siku yenye mawingu, ukichimba na bonge kubwa la udongo. Majani yaliyokwisha kuwa kijani usiyatazamie sana. Yatakayokuja kwenye mwanga ndiyo yatakayoiva rangi kadiri yanavyokomaa.

Mbele ya kibaraza, penye jua la kutwa, panastahili mimea mingine, na hapo chaguo langu la kwanza ni bogenvilia. Nasema hivyo nikijua watu wengi wanaidharau kwa kuwa imeenea kila mahali. Imeenea kwa sababu imeshinda. Ilitoka Amerika ya Kusini. Ilipewa jina la Louis Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa, ambaye msafara wake uliikuta Brazili mwaka 1767. Ile rangi unayoipenda, ya zambarau, nyekundu, machungwa au nyeupe, siyo ua. Ni vijani vitatu vilivyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kale kadogo keupe kaliko katikati yake. Vijani hivyo ni vikavu kama karatasi, ndiyo maana vinadumu wiki nyingi wakati ua laini lingenyauka kwa siku mbili. Lililo zuri kwetu ni kwamba bogenvilia huchanua zaidi ikikaukiwa kidogo. Ukiimwagilia kila siku na kuitupia urea, itakupa fito ndefu za kijani zenye miiba na maua machache. Ukiinyima kidogo kuanzia mwezi wa tano, itakuwa imejaa rangi hadi wa kumi. Baada ya mwaka wa kwanza, ndoo moja ya lita 20 kila siku kumi hadi kumi na nne inatosha kabisa kuizuia isipukutike. Iache umbali wa mita moja na nusu hadi mbili kati ya mche na mche, na isiwe karibu na njia wanayokimbilia watoto, kwa sababu ya miiba.

Chini yake, mbele kabisa, panda taji la miiba. Ni yuforbia fupi (jamii moja na minyaa) kutoka Madagaska, mara nyingi haivuki kiuno, yenye miiba shina zima na maua mekundu, ya waridi au ya njano karibu miezi yote. Mmea huu nauheshimu sana. Kwenye mchanga, kando ya ukuta wa magharibi, katika joto la saa tisa, unachanua. Ukikosa maji kabisa utapunguza majani, lakini ukipata lita mbili tatu kwa wiki utabaki nayo. Utomvu wake mweupe ni mkali machoni na kwenye ngozi, kwa hiyo unapokata matawi vaa glavu na usijiguse uso.

Kwa ajili ya vumbi linaloingia sebuleni unahitaji ukuta wa majani, na hapo nakupa akalifa na duranta. Akalifa ndiyo ile yenye majani mapana ya shaba, mekundu yaliyochanganyika na waridi, au ya kijani yenye pindo jeupe. Nayo asili yake ni visiwa vya Pasifiki, lakini ina nguvu kuliko krotoni na inakua haraka. Kwa misimu miwili ya mvua inakupita kimo. Oktoba alasiri utaiona imelegeza majani kama nguo iliyoloa. Usikimbilie ndoo. Itazame tena asubuhi: ikiwa imesimama, ilikuwa inajihifadhi na joto tu, ikiwa bado imelegea, hapo ina kiu kweli. Panda kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90, na ikifika gotini kata ncha ili itawanye matawi kutoka chini. Kosa la nyua nyingi za akalifa hapa mjini ni kuiacha ikimbilie juu, chini ikabaki miguu mitupu, na vumbi likapita palepale.

Duranta ya majani ya dhahabu inang'aa kuliko kitu kingine chochote nilichonacho kitaluni, na inakubali makasi vizuri, unaweza kuinyoosha kama ukuta. Inataka jua kamili. Kivulini unjano unageuka kijani cha kawaida. Ila nakuomba jambo moja kwa sababu una watoto. Duranta isipokatwa huzaa vijitunda vya njano vinavyoning'inia kama shanga, na vijitunda hivyo ni sumu. Ukiikata mara kwa mara haipati nafasi ya kuchanua, kwa hiyo haizai. Kama mtoto wako mdogo bado yuko kwenye umri wa kuweka kila kitu mdomoni, iache duranta hadi akue, akalifa peke yake itatosha.

Hapo hapo niseme kuhusu oleanda, maana wauzaji wataisifia, na sifa ni za kweli: inavumilia ukame, iko kijani mwaka mzima, maua yake ya waridi ni mengi. Lakini kila sehemu yake ni sumu, jani, ua, gome, hata moshi wa kuni zake si wa kuvuta. Ile ya maua ya njano yenye majani membamba ni ndugu yake na ina sumu vilevile. Nyumba yenye watoto watatu na mbuzi wanne, mimi siwezi kukuuzia. Lantana nayo, ile ya vijimaua vya rangi mbili tatu kwenye kishada kimoja, iache. Inadhuru mifugo na ndege wanaitawanya hadi porini, ikishaingia huko haitoki.

Minyaa anayokushauri jirani ni ua mzuri wa zizi, babu zetu hawakukosea kuitumia. Haiombi kitu. Ila karibu na mlango wenye watoto siitaki, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya. Ukitaka ua wa kuzuia mbuzi wasiufikie upande wa maua, tumia mtandamboo. Ni kichaka cha kwetu, kijani chenye kung'aa, chenye miiba imara, maua meupe yenye harufu tamu na vijitunda vyeusi ambavyo watoto wanakula. Kukua kwake ni taratibu, nakubali. Mpaka ukomae, mbuzi wafungwe. Hakuna dawa nyingine: mbuzi akilifikia haibiskasi au akalifa changa, jioni moja inatosha kufuta kazi ya mwaka.

Haibiskasi yenyewe naipenda, lakini inataka maji kuliko hizi nyingine na inaandamwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba. Panda mmoja au miwili tu, karibu na unapofulia, upate maji ya suuza. Maji ya suuza ya mwisho hayana neno. Yale ya kwanza yenye povu zito na yale yenye dawa ya kung'arisha nguo yamwage mbali. Ukitaka rangi ya buluu kuna plumbago, ya Afrika Kusini, nayo ni ngumu kwa ukame. Iksora sikushauri kwa mwaka huu. Nyumba yako ni mpya, na kando ya kuta mpya udongo umejaa mabaki ya saruji na chokaa. Iksora ikikutana nayo majani yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, na watu hudhani ina njaa ya mbolea wakati chokaa hiyo ndiyo imeifungia madini ya chuma.

Hilo la saruji linahusu hata mimea mingine, kwa hiyo tuingie kwenye mashimo, ambayo kwangu ndiyo nusu ya kazi nzima. Yachimbe mwezi huu wa kumi unaokuja, usingoje mvua. Kila shimo liwe na upana na kina cha sentimita 50 hadi 60, umbali wa mita moja kutoka ukutani. Toa kila kipande cha tofali na saruji. Udongo wa juu uweke upande wake. Kwetu hapa, chini ya kile kichanga ambacho Wasukuma hukiita luseni, mara nyingi unagonga tabaka gumu. Wengi wanafika hapo, wanaona jembe linaruka, wanasema shimo limetosha. Halijatosha! Tabaka hilo ndilo linalogeuza shimo kuwa sufuria: Januari maji yanasimama na mzizi unaoza, Septemba mzizi haujapita na unakauka. Chukua mtalimbo au sululu ulivunje hadi upite. Ukilivunja hilo, umempa mche barabara ya kwenda kule ambako mwembe umefika.

Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi. Nasisitiza samadi iliyooza, iliyokaa miezi kadhaa hadi haina harufu na huwezi kutambua ilikuwa nini. Ya mbuzi wako inafaa sana ikishaoza. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na pia inaita mchwa, ambao hapa Tabora ndio adui wa kwanza wa mche mchanga. Niliwahi kupoteza safu nzima ya akalifa kwa kuzitandazia nyasi kavu hadi shinani nikidhani nazisaidia. Mchwa walikuja kula nyasi, wakamalizia na magome. Tangu hapo nyasi naweka, kwa sababu bila matandazo udongo wa kichanga unakauka kwa siku mbili, lakini naacha duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka shina, nanyunyiza majivu humo, na nafunua kila wiki kuangalia. Mchwa hupenda zaidi mmea uliodhoofika kwa kiu, kwa hiyo maji nayo ni kinga.

Panda baada ya mvua mbili tatu nzito, mwisho wa Novemba au Desemba. Chana kiriba kabisa ukitoe, usikiache shimoni. Ukikuta mizizi imezunguka kama kata ya kubebea maji, ikate sehemu mbili tatu kwa wembe ili ielekee nje. Kuanzia hapo hadi Aprili mvua itafanya kazi yako, na mzizi una miezi mitano ya kushuka.

Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni, mama, ndiko kulikozidi kuiumiza ile miche. Maji ya kikombe yanalowesha vidole vinne vya juu, na mzizi unafuata maji, unabaki hapo juu, siku moja ukisafiri kwenda msibani unakuta umeungua. Mimea itakayopandwa Desemba, ikifika mwezi wa tano, ipe kila mmoja lita kumi kwa pamoja, mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Krotoni na haibiskasi zibaki na mara mbili. Mimina polepole ndani ya kisahani cha udongo ulichokizungushia shina, alfajiri au magharibi. Njia ya chupa inafaa pia: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toboa kitundu kimoja cha sindano kwenye kifuniko, ifukie kichwa chini kando ya mzizi, kata kitako uwe unajazia hapo. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini bomba linatoka vizuri, lakini bili nayo inatoka. Ukiyapeleka maji chini utayatumia machache kuliko unavyotumia sasa.

Makasi yafanye kazi Februari na Machi, mvua ikiwa bado ipo, ili mmea ujae majani mapya na yakomae kabla ya kiangazi. Bogenvilia ikate Aprili mwanzoni, kwa kuwa huchanua kwenye matawi mapya. Kuanzia Julai hadi Oktoba usikate kitu isipokuwa kilichokufa. Ukifungua mmea wakati huo jua linaingia na kuunguza shina lililozoea kivuli cha majani yake. Kwenye mmea wowote wenye majani ya rangi mbili, ukiona tawi limetoka kijani kitupu, litoe palepale, mwezi wowote. Tawi la kijani linajilisha vizuri kuliko lenye rangi, na ukiliachia litayameza mengine yote.

Wadudu hawatakusumbua sana ukifika hapo. Kiangazi geuza majani ya krotoni na haibiskasi utazame chini: pakiwa na utando mwembamba na vumbi jekundu linalotembea, huo ni utitiri, na kuyaosha majani kwa maji ya nguvu upande wa chini mara mbili kwa wiki hupunguza sana. Vidung'ata wapulizie maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, ukijaribu kwanza kwenye tawi moja uone kama majani yanaipokea.

Na pesa ya nauli ya kwenda kununua miche mbali, iweke. Ukiona Oktoba kichaka kilichokupendeza kwa jirani, omba akukatie matawi mvua zikianza. Kata lililokomaa kiasi, lisiwe laini wala gumu kama kuni, urefu wa sentimita 15 hadi 20, mkato wa chini uwe chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, ya juu yabaki mawili na uyakate nusu. Krotoni, iache kwanza utomvu wake ukauke, na usiudondoshe kwenye nguo, hautoki. Chomeka nusu ya urefu kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo mweusi nusu kwa nusu, weka kivulini, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Akalifa itaonyesha mizizi ndani ya wiki tatu nne, krotoni na duranta huchukua zaidi, hadi wiki sita au nane. Bogenvilia ni mkaidi, chomeka kumi upate nne. Usiivute kuangalia kama imeshika. Ngoja litokee jani jipya, na hata hapo subiri wiki mbili.

Zile fimbo sita, kama zina kijani chini ya gome, zikianza kuchipua Novemba usizihamishe mwaka huu. Zimeteseka vya kutosha. Ziache hapo zilipo, uzijengee kivuli chake tena Agosti ijayo, na Desemba ya mwaka kesho uzipeleke mashariki zikajiunge na wenzake.